Kebo ya mtandao: chagua kabla ya plasta

Kwenye nyumba nyingi mpya hapa Dodoma, kuanzia Nzuguni hadi Ilazo, fundi wa mtandao huitwa rangi ikishakauka. Naomba uniite tofali zikiwa bado wazi. Kebo mbovu ikishafunikwa, dawa yake ni patasi na nyundo.

Hatua ya 1: Chagua daraja la kebo, ndilo huandikwa “Cat” na namba yake. Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat6 pia, ila kwenye umbali usiozidi mita 55 hivi inafika gigabiti 10. Cat6A inafikisha gigabiti 10 mita 100 kamili, lakini ni nene na inasumbua kwenye paipu. Nyumba ya kuishi mimi naiwekea Cat6.

Hatua ya 2: Kwangua waya. Hapa ndipo watu wanaumia. Boksi limeandikwa Cat6, ndani kuna alumini iliyopakwa shaba. Omba kipande dukani, menya uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe, iache hapo hapo. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo kamera zake zilifanya kazi mchana na kuzima usiku. Zilikuwa zinapata umeme kupitia kebo hiyohiyo. Giza likiingia, taa zake za infraredi zinawaka na kudai umeme zaidi, na ile alumini ikashindwa kuufikisha. Tulikata kuta za vyumba viwili. Mama mwenye nyumba alisimama akitazama vumbi likitua kwenye makochi yake mapya, sijamsahau.

Hatua ya 3: Ya nje inunue ya nje. Jua letu linapasua ganda la kebo ya ndani. Tafuta yenye ganda jeusi la polithini.

Hatua ya 4: Pitisha. Ipe paipu yake, mbali na waya wa umeme kama sentimita 30. Zikilazimika kukutana, zipishane msalaba. Ukutani usizidi mita 90, ili zile 10 zinazobaki kwenye mita 100 ziwe za nyaya za kuunganisha vifaa. Kona ziwe za mviringo. Unapofunga soketi, usifumue msokoto wa nyuzi, zilizosokotwa mbilimbili, zaidi ya sentimita 1.3, maana huo ndio unaozuia jozi kuingiliana.

Hatua ya 5: Pima. Testa ndogo ya taa itakuonyesha kama nyuzi zote 8 zimeunganika sawasawa, lakini alumini haiitambui. Andika namba ncha zote mbili, piga picha kila ukuta, kisha mwite fundi plasta.