Namna ya Kuratibu Wadau wa Kijiji kwa Ajili ya Watoto na Familia Zao

Katika vijiji vingi vya Tanzania wenye nia ya kusaidia watoto hawakosekani. Kinachokosekana ni mawasiliano kati yao. Kaya iliyo karibu na barabara hutembelewa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mwezeshaji wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), mjumbe wa kanisa au msikiti na afisa wa mradi fulani, kila mmoja akiandika katika daftari lake, ilhali kaya iliyo ng'ambo ya korongo, anamoishi bibi mzee na wajukuu wake, haimo katika daftari la yeyote. Mwongozo huu ni kwa yule aliyekabidhiwa kazi ya kuwaunganisha watu hao, awe afisa ustawi wa jamii, afisa maendeleo ya jamii wa kata, mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu au kiongozi wa asasi ndogo. Kwa maoni yangu, uratibu hupimwa kwa jambo moja: kama mtoto aliyetambuliwa kuwa na shida alifika alipopaswa kufika, na kama yupo mtu aliyerudi nyumbani kwao kuhakikisha.

Fufua kamati iliyopo kabla ya kufikiria kuunda nyingine

Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la MTAKUWWA, ulianza kutekelezwa mwaka wa fedha 2017/18 na uliunganisha mipango minane iliyokuwa ikitekelezwa kila mmoja kwa njia yake. Kwa mpango huo ziliwekwa kamati kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji. Kwa hiyo anayefika kijijini na wazo la kuunda kamati mpya ya watoto anarudisha kijiji kulekule ambako taifa lilijaribu kutoka. Nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji, uombe muhtasari wa kikao cha mwisho cha kamati hiyo. Ukikuta kikao cha mwisho kilifanyika mwezi uleule mradi fulani ulipofungwa, umeshapata jibu: kamati ilikuwa ya mradi, na posho ilipokoma nayo ikakoma.

Suala la posho lizungumzwe wazi katika kikao cha kwanza, kwa kuwa likifichwa huharibu mengine yote. Naona ni haki mjumbe anayetoka kitongoji cha mbali arudishiwe nauli yake, na si busara kumlipa mtu kwa kuhudhuria kikao cha kijiji chake mwenyewe. Fedha ya mradi ikilipa vikao, wajumbe huhesabu vikao. Ikitumika kulipia safari ya mama na mtoto kwenda hospitali, huhesabu watoto.

Angalia pia ni nani hayumo. Mtendaji, mganga mfawidhi wa zahanati, mwalimu mkuu na viongozi wa dini kwa kawaida wamo. Wanaosahaulika ni wenyeviti wa vitongoji, ambao ndio wanaojua mlango wa kila nyumba, pamoja na walimu wa shule shikizi (shule ndogo za vitongoji zilizo chini ya shule mama), wanawake wanaoongoza vikundi vya kuweka na kukopa, watu wenye ulemavu, na katika maeneo ya wafugaji, laigwanani, yaani kiongozi wa kimila wa Wamasai, ambaye asipokubaliana na jambo halitafika bomani hata likipitishwa na kikao gani. Kama kata ina baraza la watoto, litumike kwa dhati: wapewe ajenda mapema na majibu yao yaandikwe, badala ya kuitwa siku ya wageni ili wasome risala.

Upate kibali cha mkutano mkuu wa kijiji

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji, unaowahusisha wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndicho chombo cha juu kijijini, na unapaswa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Jambo lililopitishwa pale lina nguvu ambayo barua ya mfadhili haina. Omba nafasi katika ajenda, ueleze mpango kwa maneno machache, na ukubali kuulizwa. Epuka majira ya kupanda na kupalilia, wakati watu wamehamia mashambani, na usipange mkutano siku ya mnada au gulio.

Orodha ya kaya

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanapopita haraka. Orodha isitengenezwe ofisini kwa kuuliza watu watatu. Ipitiwe kitongoji baada ya kitongoji, mwenyekiti wa kitongoji akiongozana na mhudumu wa afya, nyumba kwa nyumba, zikiwemo nyumba ambazo mwenyekiti anasema hazina tatizo. Katika kila kaya waulize nani analala pale usiku, nani anapika, nani anakwenda shule na nani ameacha, mtoto yupi hana cheti cha kuzaliwa, nani ni mjamzito, na nani ana ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu. Swali la nani analala pale lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu ndilo linalomtambulisha binti wa kazi aliyeletwa kutoka kijiji kingine, na mjukuu aliyeachwa wakati mama yake amekwenda mjini kutafuta riziki.

Jiandae kwa jambo moja. Wanakijiji wanazo kumbukumbu za orodha. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF, majina ya kaya yalijadiliwa mbele ya mkutano wa kijiji na walengwa wakaanza kupokea ruzuku, hivyo mtu akiona daftari jipya huamini fedha zinakuja. Sema mapema, na urudie kila mlangoni, kwamba orodha hii haigawi fedha bali inasaidia watoa huduma wajue nani hajafikiwa. Asiyeambiwa hivyo leo atadai haki yake baadaye, naye atakuwa sahihi kudai.

Orodha hii isisomwe hadharani. Mkutano mkuu upewe idadi tu, kwa mfano watoto wangapi hawana vyeti na wangapi hawajaandikishwa shule, na majina yabaki katika daftari moja linalofungiwa kabatini. Maambukizi ya VVU na taarifa za ukatili visiandikwe humo kabisa; hayo yana njia zake. Mtoto anayetajwa mbele ya umati kuwa yatima au maskini hubeba jina hilo hadi darasani, na hakuna daftari wala sare ya msaada itakayomfidia.

Mara nyingi orodha yenyewe huonyesha hatua ya kwanza ambayo haina gharama. Katika mikoa iliyoingia kwenye mpango wa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, cheti cha kuzaliwa hutolewa bila malipo kwenye vituo vya tiba na ofisi za watendaji wa kata. Kama daftari linaonyesha kitongoji kimoja kina watoto wengi wasio na vyeti, panga siku moja na mtendaji wa kata, mhubiri na imamu watangaze katika ibada, na kina mama waje na kadi za kliniki. Kamati inayoanza na ushindi wa namna hiyo husikilizwa inapoleta jambo gumu zaidi.

Waulize wadau maswali yenye majibu ya kushikika

Kila mdau anayefanya kazi kijijini aitwe na aulizwe: unatoa nini hasa, katika vitongoji vipi, siku gani, na hadi mwezi gani wa mwaka gani? Jibu la kwamba “tunasaidia watoto walio katika mazingira hatarishi” halitoshi. Asasi iliyosajiliwa haina sababu ya kukataa kuonyesha hati zake na mpango kazi wake, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri anapaswa kuifahamu. Majibu yaandikwe kwenye karatasi moja kubwa na kubandikwa ofisini kwa mtendaji. Pengo huonekana papo hapo: pengine miradi miwili inatoa mafunzo ya malezi katika kitongoji kimoja, na hakuna hata mmoja anayeshughulikia lishe.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyoanza 2021/22, inatoa kigezo kizuri cha kusomea karatasi hiyo, kwa kuwa inataja maeneo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto. Mtoto mmoja anayahitaji yote matano kwa wakati mmoja, ilhali kila mdau huja na moja au mawili.

Rufaa isiyorudi haijakamilika

Tuseme ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ile inayofanyika kila robo mwaka. Mhudumu wa afya anamzungushia mtoto wa miezi kumi na minne utepe mkononi, kati ya bega na kiwiko, na utepe unasoma chini ya sentimita 11.5, yaani sehemu nyekundu, ambayo ni dalili ya utapiamlo mkali. Anaandika rufaa ya kwenda kituo cha afya. Kwa daftari la zahanati, kazi imefanyika. Nyumbani, mama ana watoto wengine wawili ambao hawana wa kuwaangalia, baba yuko na mifugo, bodaboda ya kwenda na kurudi inagharimu fedha ambayo hana, na jirani amemwambia kwamba mtoto ana ugonjwa wa kienyeji. Karatasi ya rufaa inawekwa juu ya dari.

Uratibu unaanza pale. Daftari la rufaa la kamati liwe na safu chache: tarehe, namba ya kaya, anakopelekwa, anayemsindikiza, tarehe aliyofika, na tarehe aliyotembelewa baada ya kurudi. Safu ya anayemsindikiza isiachwe wazi. Siku ileile mhudumu amweleze mwenyekiti wa kitongoji kuhusu safari bila kutaja zaidi ya kinachohitajika. Kikundi cha kuweka na kukopa kitoe nauli kutoka mfuko wake wa jamii, kama walivyokubaliana tangu mwanzo. Na mwanamke mmoja wa jirani abaki na watoto. Kipande cha chini cha karatasi ya rufaa kirudi kwa mhudumu kikiwa na mhuri wa kituo. Kisiporudi ndani ya siku saba, mtu aende nyumbani kuuliza, kwa upole, maana mama aliyeshindwa kwenda tayari anaumia na hahitaji karipio.

Chakula cha shuleni

Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, wazazi wengi wanaamini kwamba mchango wowote shuleni umepigwa marufuku, na walimu wakuu wengi wanaogopa kuuzungumzia. Chakula cha wanafunzi kinaweza kupangwa na wazazi wenyewe, wakikubaliana katika mkutano wao na kamati ya shule, na mkusanyiko ufanyike wakati wa mavuno, mahindi na maharage yakiwa bado nyumbani. Mazao yapokelewe na kamati ya wazazi, yapimwe mbele ya watu na kuandikwa, na mwalimu aachiwe kufundisha. Kaya isiyo na mazao ichangie kuni, maji au siku ya kazi katika shamba la shule, na ile isiyoweza hata hayo isamehewe kimyakimya kwa kutumia orodha ya kaya. Jambo hili lisiwe na majadiliano: hakuna mtoto atakayekaa pembeni akitazama wenzake wakila uji kwa sababu mzazi wake hajatoa.

Matukio ya ukatili

Kesi ya kubakwa, kulawitiwa, kupigwa vibaya au kuozeshwa mtoto haiendi kwenye kikao cha kamati, wala haimalizwi na wazee wa koo mbili kwa faini ya ng'ombe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya haki ya mtoto kuvunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na inaipa mamlaka hiyo wajibu wa kumlinda mtoto. Taarifa iende kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa simu namba 116 ambayo hailipiwi. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya mara moja, kwani dawa za kinga ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea katika vikao vya familia inampunguzia mtoto nafasi hiyo. Kazi ya kamati ni kuhakikisha kila balozi wa nyumba kumi, mwalimu na mchungaji anajua njia hii kabla tukio halijatokea.

Vikao na makabidhiano

Kikao cha kila robo mwaka kifunguliwe kwa rufaa ambazo hazijarudi, moja baada ya nyingine kwa namba za kaya, kabla ya taarifa za miradi na salamu za wageni. Kundi la WhatsApp linafaa kwa tarehe na mabadiliko ya ratiba. Majina na picha za watoto visiingie humo hata kwa nia njema.

Mradi wowote unaokaribia mwisho utoe taarifa rasmi kwa serikali ya kijiji miezi sita kabla, na miezi hiyo itumike kuamua, kaya kwa kaya, nani atachukua kila jukumu. Vikundi vya wanawake ambavyo mradi ulivilea visaidiwe wakati huohuo kujisajili ili viweze kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya wanawake. Daftari la rufaa na orodha ya kaya ni mali ya kijiji: vibaki kwa mtendaji, taarifa za siri zibaki kwa afisa ustawi wa jamii, na makabidhiano yatiwe saini na pande zote mbele ya halmashauri ya kijiji kabla gari la mradi halijaondoka.