Miezi ya nchi kavu: kuthibitisha ajira ya baharia kwa maombi ya Kanada

Mume wangu ni mhandisi wa tatu wa meli, na mimi ndiye mtunza karatasi wa nyumba hii. Usiku mmoja hapa Tanga nilitandika mkeka sebuleni, nikapanga juu yake kila karatasi aliyorudi nayo tangu ajira yake ya kwanza, kwa kufuata tarehe. Pale mkeka ulipobaki mtupu ndipo penye kazi. Anza hivyo na wewe.

Tunaomba kuhamia Kanada kwa mpango wa Federal Skilled Worker, yaani wa wafanyakazi wenye ujuzi, ambao maombi yake hupitia Express Entry, mfumo wa Kanada wa kupokea maombi hayo mtandaoni. Mpango huo unataka mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya malipo katika fani moja, ndani ya miaka 10 iliyopita. Mwaka huo ni saa 1,560, yaani saa 30 kwa wiki. Mabaharia wengi hukosea hapa. Mume wangu hushika zamu ya saa sita mpaka saa kumi, mchana na usiku. Kwa siku saa 8, kwa wiki 56. Zinazozidi 30 hazihesabiwi. Miezi 9 melini ni kama wiki 39, kwa hiyo saa 1,170 tu. Mtu amechoka hasa, na mwaka bado haujatimia.

Angalia na namba ya fani katika orodha ya kazi ya Kanada: wahandisi wa meli ni 72603, maofisa wa sitaha 72602. Mabaharia wasio maofisa, wa sitaha na wa chumba cha injini, wako 74201, na mpango huu hauwapokei. Heri ulijue kabla hujalipa ada.

Sasa ule mkeka mtupu. Mkataba umeisha, mtu yuko nyumbani miezi miwili au mitatu. Alikuwa likizoni, au hakuwa na kazi? Kitabu cha baharia hakijibu. Kinaonyesha alipopanda na aliposhuka. Majibu yako kwenye mkataba wa ajira na hati za mshahara. Tafuta mstari wa malipo ya likizo. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ule MLC, unampa baharia angalau siku 2.5 za likizo ya malipo kwa kila mwezi wa kazi. Miezi 9 inampa siku 22 na nusu. Sisi tuliambatanisha hati ya mwisho ya mshahara, taarifa ya benki inayoonyesha fedha hizo zikiingia, na mkataba uliofuata wa mwajiri yule yule. Siku zilizobaki bila malipo nilizieleza kama zilivyo katika barua ya maelezo. Tafadhali usizifiche, afisa wa uhamiaji ndiye mwenye kuamua, na ukikutwa umedanganya unafungiwa miaka 5. Kama huajiriwi ila kwa mkataba mmoja mmoja na nyumbani hulipwi kitu, tafuta kipindi kingine cha kazi yako.

Barua ya kwanza ya kuthibitisha ajira, kutoka kwa wakala aliyempatia kazi, ilikuwa mistari minne: jina, cheo, meli, tarehe. Niliumia, maana tuliisubiri wiki sita. Barua inayofaa hutoka kwa mwajiri anayetajwa kwenye mkataba, ina nembo, anwani, simu na barua pepe, saini na cheo cha aliyeiandika, vyeo vyote ulivyoshika na tarehe zake, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu, pamoja na majukumu. Majukumu yaandike mwenyewe kwa ukweli, uwatumie wayapitie: jenereta, boila, mashine za kusafisha mafuta. Iombe mapema. Mwaliko wa Kanada wa kuwasilisha maombi ukishafika una siku 60 tu, na ofisi ya meli huenda iko Piraeus au Singapore.

Mwisho, tarehe. Kwenye kitabu chake muhuri mmoja wa kushuka meli ulikuwa umelowa mafuta. Sikujua kama ni 11 au 17. Niliushika chini ya taa muda mrefu. Kisha nikafungua pasipoti: muhuri wa kuingia nchini Dar es Salaam ulikuwa wa tarehe 13. Basi ni 11. Nikatoa nakala ya kurasa zote mbili, nikazibana pamoja.