Jinsi ya kuomba kubadilisha matumizi ya shamba lililo ndani ya jiji

Shamba la mahindi likizungukwa na magorofa, kila mpita njia huuliza kwa nini mwenyewe hajajenga nyumba za kupangisha. Mara nyingi jibu liko kwenye karatasi: ardhi ile bado imepangwa kuwa ya kilimo, na kuijengea bila idhini ni kosa. Nchini Kenya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaweka faini isiyozidi Sh500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Anayetoa idhini ni serikali ya kaunti, na utaratibu wenyewe si mgumu kama broka anavyopenda uamini. Kinachowaponza wengi ni kukimbilia fomu kabla ya kujua ardhi yao ni ya aina gani.

Anza na ramani

Nenda katika afisi ya mipango ya kaunti uombe kuona mpango uliopitishwa wa eneo lako. Usiridhike na "hapo hakuna shida" ya mdomo. Tafuta ploti yako kwenye ramani, tazama imepakwa rangi gani, soma maelezo ya rangi hizo pembeni, kisha andika nambari ya mpango huo kwenye daftari. Kama ni kilimo, endelea. Kama ni hifadhi, simama kwanza, maana kuna hifadhi za namna tatu na kila moja ina mlango wake.

Ya kwanza ni msitu au mbuga iliyotangazwa kisheria. Msitu wa Karura na Mbuga ya Taifa ya Nairobi ziko ndani ya jiji. Mbuga ya Ziwa Nakuru nayo imepakana na mitaa ya Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka wa 2021. Mipaka ya maeneo kama haya haibadilishwi na kaunti. Jambo hilo hufika hadi Bunge la Taifa. Mtu akikuuzia kipande humo, hata akiwa na hati inayong'aa, ondoka.

Ya pili ni ukingo wa mto, na hapa ndipo watu huumia zaidi. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kulima au kujenga katika ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande wa mto, kulingana na upana wa mto, ukipimwa kutoka pale maji yalipowahi kufika yakifurika. Chukua shamba lenye upana wa mita 40 mtoni na urefu wa mita 100, yaani karibu ekari moja. Ukanda ukiwa mita 6, unapoteza mita za mraba 240. Ukiwa mita 30, zinakwenda 1,200, karibu theluthi ya shamba, ilhali bei uliyolipa ilihesabu ekari nzima. Mwite mpima ardhi akuwekee alama ya ukanda huo kabla hujachora nyumba hata moja.

Ya tatu haionekani kwa macho. Mahakama inaweza kuwekea ardhi ya mtu binafsi masharti ya kulinda mazingira, na masharti hayo hubaki hata ardhi ikiuzwa. Utayajua kwa kufanya utafutaji rasmi kwenye sajili ya ardhi, ule ambao watu huita sachi. Sajili ya ardhi ina sehemu tatu: maelezo ya ardhi, mwenye ardhi, na vikwazo. Wengi husoma jina la mwenyewe wakafunga karatasi. Soma zote hadi ya tatu kwa makini: rehani, zuio la mahakama na masharti ya hifadhi huandikwa humo.

Na kama unanunua, uliza pia kuhusu bodi ya udhibiti wa ardhi, ile inayoidhinisha mauzo ya ardhi ya kilimo. Kwa kawaida ardhi iliyo ndani ya manispaa haihesabiwi kuwa ya kilimo kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, isipokuwa imetangazwa hivyo katika gazeti rasmi la serikali. Pale sheria hiyo inapohusika, mauzo bila idhini ya bodi ni batili, na ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba.

Kuandaa faili

Utahitaji nakala ya hati miliki, matokeo ya sachi ya karibuni, kitambulisho, PIN ya KRA (nambari yako ya mlipa kodi), ramani ya usajili na stakabadhi kwamba hudaiwi kodi ya ardhi na kaunti. Ikiwa hati bado ina jina la marehemu baba, ombi halitasonga. Maliza mirathi kwanza.

Ripoti ya kuunga mkono ombi huandikwa na mtaalamu wa mipango miji aliyesajiliwa. Usimlipe tu ukaenda zako. Soma alichoandika: majirani wanatumia ardhi yao vipi, barabara ina upana gani, maji yatatoka wapi na, zaidi ya yote, majitaka yatakwenda wapi. Ripoti iliyonakiliwa kutoka kazi nyingine hujulikana haraka. Utakuta inataja barabara ambayo haipo mtaani kwenu.

Kisha tangaza. Nia yako huchapishwa gazetini na bango huwekwa shambani, watu wakipewa kwa kawaida siku 14 za kuleta pingamizi. Bango likae linapoonekana kutoka barabarani, si nyuma ya ua wa michongoma. Lipige picha inayoonyesha tarehe. Jirani akidai hakujua, picha hiyo ndiyo itakayokutetea.

Kuwasilisha na kusubiri

Lipa ada, peleka faili, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Idara za maji, barabara na mazingira huombwa maoni yao, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, inaweza kutaka tathmini ya athari kwa mazingira, hasa kwa mradi mkubwa.

Sheria inasema usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Binafsi nisingemwaga zege kwa kutegemea ukimya. Andika barua ya kukumbusha, taja tarehe ya muhuri wako, omba cheti. Wengi bado hukiita PPA2, jina lililobaki kutoka sheria ya zamani.

Jibu likiwa ndiyo, soma masharti. Huenda ukatakiwa kuachia sehemu ya kupanua barabara. Kugawa shamba kuwa ploti ni ombi lingine, usidhani limo humo. Likiwa hapana, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango, nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 14. Usiporidhika, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Siku hizo 14 anazo pia jirani anayepinga idhini yako. Kwa hiyo mchimba msingi mwambie aje wiki ya tatu.