Jinsi ya kumkagua mbunge wako, kwa wana Mtwara na Lindi

Huku kwetu kusini mbunge anapimwa kwa misiba, alikuja kuzika au hakuja, na jezi za timu ya mtaa, basi. Sio mbaya, ila hatumlipi mshahara kwa ajili ya hiyo, na kazi anayolipwa imeandikwa ipo, unaisoma kwa simu hiyo hiyo unayochatia.

Anza na tovuti ya Bunge, parliament.go.tz, bonyeza jina lake upate wasifu: shule, kazi alizofanya, vyeo vya chama. Vyeti visikuchanganye, katiba yenyewe inataka ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza tu, wewe angalia njia aliyopita. Mfano Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa: mwalimu, kiongozi wa chama cha walimu, mkuu wa wilaya, 2010 mbunge, naibu waziri TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa), alafu waziri mkuu kuanzia Novemba 2015 mpaka 2025. Mtu kama huyo ukisema mbona hana maswali bungeni umemuonea, mawaziri hawaulizi, wao ndio wanajibu, kwahiyo waziri mpime kwa alichojibu kama kilifanyika. Na tafuta kwa jina la mtu sio jimbo peke yake, majimbo yanagawanywa, Newala ilikuwa moja mpaka 2015 ndo ikawa Mjini na Vijijini, rekodi ya Mkuchika, aliyekuwa mbunge wa huko, ipo kote kote.

Sasa utamu wenyewe uko kwenye Hansard, yani maandishi ya kila kilichosemwa ukumbini, nayo ipo kwenye tovuti hiyo hiyo ya Bunge. Ni ndefu balaa, usijaribu kusoma yote, fungua faili la siku unayoitaka alafu tafuta jina lake. Mwanzo ruka, pale ni kumshukuru Mungu, Rais, Spika, mawaziri, mke na watoto, kuna wengine kengele inalia bado wanashukuru. Nenda kwenye maswali ya nyongeza, mbunge akiuliza swali la msingi, lile lililoandikwa na kupelekwa mapema, anaruhusiwa mawili ya papo hapo, na hapo ndo unajua nani anaijua kata yake na nani kaandikiwa, maana anaejua atataja kijiji, daraja na mwaka iliotolewa ahadi, asiejua atasema "je serikali ina mkakati gani" anakaa.

Usichague tarehe ovyo, chagua zile zilizotuuma. Mei 2013, bajeti ya nishati, kipindi Mtwara inawaka kwa ajili ya bomba la gesi kwenda Dar. Juni 2018, Sheria ya Fedha, ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazoenda nje iliyokuwa inarudi kwenye zao letu ikapelekwa mfuko mkuu wa serikali. Kama mtu wako alikuwemo soma alisimama au alikaa kimya, na soma mpaka mstari wa mwisho, kuna mtu analalamika dakika zote alafu anamalizia naunga mkono hoja mia kwa mia.

Ukitoka huko rudi jimboni. Mfuko wa Jimbo, yani hela ya serikali ya kuchochea maendeleo jimboni, upo kwa sheria ya 2009, hela inapitia halmashauri, na mwenyekiti wa kamati inayogawa ni mbunge mwenyewe, kwahiyo hawezi kusema hajui iliendaje. Muulize diwani au mtendaji wa kata: mwaka huu kata yetu imepata nini, mabati mangapi, yapo wapi? Alafu nenda ukayaone. Unakuta zahanati wanakijiji wamebeba mawe na mchanga, serikali kuu imeleta hela, mfuko umetoa bati za upande mmoja, ila bango lina sura ya mheshimiwa tu na "nimejenga". Tenganisha hivyo vitu. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani pia, na baraza linakaa wazi, unaweza kwenda kukaa nyuma ukasikiliza kama hata anahudhuria.

Mali zake anatakiwa kuzitolea tamko kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma kila mwaka, ila kwa mtu wa kawaida hiyo njia ni ndefu, mi nisingeanzia huko.

Wa viti maalum wakague hivyo hivyo, wamo kwenye tovuti ile ile na Hansard ile ile, japo watu wanawasahau kabisa.

Ukishapata vyako, siku ya mkutano wa hadhara usisimame na "tumesikia". Taja tarehe ya kikao, swali lake, jibu la waziri, alafu uliza moja tu: baada ya hilo jibu ulifuatilia wapi?