Mkopo wa rehani kwa nyumba uliyojijengea: anza na karatasi

Benki haikopeshi kwa kuangalia ulichotumia kwenye saruji na nondo. Inauliza nyumba itauzwa kiasi gani ukishindwa kulipa, na kama mnunuzi atapata hati safi.

Hatua ya 1: Maliza nyumba ikalike. Maji yatoke, umeme uwe umeunganishwa rasmi, choo kifanye kazi, milango ya nje ifungwe. Rangi inaweza kusubiri. Jiko lisilo na sinki linaweza kukwamisha maombi yako.

Hatua ya 2: Kusanya hati miliki yenye jina lako, kibali cha ujenzi, michoro iliyoidhinishwa, cheti cha kukamilika kwa ujenzi na ripoti za ukaguzi. Wengi hukwama kwenye ripoti hizi. Zege likishamwagwa, nondo za msingi hazionekani tena, na mhandisi ambaye hakuzikagua wakati ule hatatia saini leo bila kuchimbua au kupima upya, kwa gharama yako. Picha zenye tarehe na matokeo ya vipimo vya zege humsaidia, ila hazichukui nafasi ya saini yake. Kama uliongeza chumba au kusogeza ukuta, peleka michoro ikaidhinishwe upya kabla mthamini, yaani mtu anayekadiria thamani ya nyumba, hajafika. Akiona nyumba hailingani na michoro, ataandika hivyo kwenye ripoti.

Hatua ya 3: Mwite mpima ardhi ahakiki mipaka. Kona ya nyumba ikiingia kwa jirani, hata kwa nusu mita, dhamana ina kasoro. Njia ya kufika barabarani nayo iwe kwenye maandishi.

Hatua ya 4: Mlipe mkandarasi, akupe barua kuwa hakudai tena.

Hatua ya 5: Uthamini. Mthamini huteuliwa au hukubaliwa na benki, kwa hiyo uliza kabla ya kumlipa wako. Piga hesabu mapema: nyumba ikithaminiwa 100,000 na benki ikakopesha asilimia 70, utapata 70,000. Kama unataka mkopo huu ulipe mkopo wa ujenzi uliouchukua awali, na deni lake ni 80,000, pengo la 10,000 unaliziba mwenyewe. Omba barua ya salio la deni hilo, ionyeshe pia adhabu ya kulipa kabla ya muda.

Hatua ya 6: Badilisha bima. Ile ya wakati wa ujenzi kwa kawaida hukoma kazi ikiisha, na benki haitoi fedha bila bima ya jengo. Angalia pia ofa ya mkopo uliyopewa na benki inaisha lini, maana usajili wa rehani ukichelewa, ofa hufa na uthamini unaweza kurudiwa.