Usifunge begi kabla ya slaidi ya shukrani: kutumia mhadhara wa sayansi kutafuta njia ya kazi

Kazi yangu ni kuandaa mihadhara ya sayansi kwa wanafunzi wa vyuo, na kuna tukio ninaloliona kila mara. Mzungumzaji akishafika kwenye slaidi ya shukrani, zipu za mabegi zinaanza kulia ukumbi mzima. Kama ulikuja kusikia sayansi tu, hujakosa kitu. Lakini kama unajiuliza utafanya kazi gani ukihitimu, hiyo slaidi ndiyo uliyoijia.

Hatua ya 1: Chagua mihadhara minne kwa muhula

Miwili iwe ya fani yako, mmoja wa fani jirani, na mmoja utolewe na mtu asiyefundisha chuoni: wa kiwandani, hospitalini, kwenye utabiri wa hali ya hewa au ukaguzi wa ubora. Huyu wa nne usimkose hata kama mada yake inaonekana kavu. Wahadhiri unawaona kila siku na maisha yao unayajua kwa kiasi fulani. Yake huyajui.

Hatua ya 2: Soma ikisiri ukitafuta vitenzi

Ikisiri ni ule muhtasari mfupi wa mhadhara. Nusu saa inatosha. Soma mara ya kwanza ukipigia mstari maneno usiyoyaelewa. Tafuta maana ya matatu, mengine yaache.

Mara ya pili pigia mstari vitenzi. Tuseme ikisiri inasema: "Tulikusanya sampuli za damu, tukasoma jenomu za vimelea vya malaria, kisha tukaunda modeli ya jinsi usugu wa dawa unavyosambaa." Vitenzi vitatu, na nyuma ya kila kimoja kuna watu wanaolipwa mshahara. Kukusanya kuna wauguzi, mafundi sanifu wa maabara na mtu wa kupanga safari na kutunza ubaridi wa sampuli. Kusoma jenomu, yaani taarifa zote za vinasaba vya kiumbe, kuna wataalamu wa mashine na wa bayoinfomatiki, wanaochambua data hizo kwa kompyuta. Kuunda modeli kuna watakwimu na wanahisabati, ambao pengine hawajawahi kushika bomba la sindano. Mwanafunzi wa hisabati aliyeliona neno "malaria" kwenye tangazo akapita zake, hapo ameacha kitu.

Hatua ya 3: Gawa daftari kurasa mbili

Ukurasa wa kushoto ni wa sayansi, wa kulia ni wa kazi. Upande wa kulia andika vifaa, programu za kompyuta, vyeo vya watu, na malalamiko. Malalamiko hasa. Mzungumzaji akisema kwa kupitia tu, "kusafisha data kulitumalizia miezi," ukumbi unacheka na kusahau. Wewe andika. Mahali watafiti wanapolalamika ndipo mara nyingi pana upungufu wa watu.

Daftari limewahi kumpa mtu kazi. Mwaka 1812, Michael Faraday alikuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu London, hana elimu ya chuo. Mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za mihadhara minne ya mwanakemia Humphry Davy katika taasisi ya sayansi ya Royal Institution. Akaandika alichosikia, akachora vifaa, akayajalidi maandishi hayo kwa mikono yake na kumpelekea Davy. Kazi haikupatikana papo hapo, maana nafasi haikuwepo. Ilipotokea, mwaka 1813, Davy alimkumbuka kijana mwenye maandishi, na Faraday akaingia kama msaidizi wa maabara.

Hatua ya 4: Isome slaidi ya mwisho

Omba ruhusa, piga picha. Kisha igawe mafungu matatu: wafadhili, washirika, na majina ya timu. Wafadhili wanakuonyesha nani anatoa fedha kwa mada hiyo, na wengi wao wana ufadhili wa masomo pia. Washirika wanakuonyesha taasisi usizozifikiria.

Majina ya timu ndiyo dhahabu. Usianze na profesa. Tafuta mtu aliye ngazi moja au mbili mbele yako: mwanafunzi wa uzamili, msaidizi wa utafiti, fundi sanifu. Huyo bado anakumbuka alivyoingia, na njia aliyopitia huenda bado iko wazi. Profesa aliingia zamani, mlango ukiwa mwingine.

Hatua ya 5: Uliza swali moja fupi

Nikiwa mwaka wa pili nilisimama ukumbini na swali lililochukua karibu dakika mbili, limejaa istilahi. Mzungumzaji alinisikiliza kwa adabu, akauliza, "Swali lenyewe ni lipi?" Nilikaa bila kujibu. Siku hizi nawaambia wanafunzi: sentensi moja, na iwe kuhusu jinsi kazi ilivyofanyika. "Sampuli zilizoharibika mlizifanyaje?" inatosha kabisa. Ukiona haya, msubiri mlangoni. Ila usimwombe kazi akiwa anakunja waya wa kompyuta.

Hatua ya 6: Andika baruapepe ndani ya siku mbili

Iwe fupi kama hii:

*Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa pili. Nilihudhuria mhadhara wa Alhamisi kuhusu usugu wa dawa, na jina lako lilitajwa kwenye shukrani kwa kazi ya kusoma jenomu. Ningependa kuelewa kazi hiyo inavyofanyika siku hadi siku. Naomba dakika 20 za muda wako, kwa simu au ana kwa ana, siku itakayokufaa. Natanguliza shukrani.*

Wasifu usiambatishe, hajakuomba. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki moja hivi, kisha mwache.

Hatua ya 7: Tumia vizuri hizo dakika 20

Swali la "unaipenda kazi yako?" hujibiwa kwa heshima tu. Uliza: "Jumanne iliyopita ulifanya nini tangu asubuhi?" Hapo ndipo utasikia kwamba kwa muda wa saa mbili alijaza fomu, kwa saa tatu alisubiri mashine, na kwa saa moja tu alifanya kile kilichokuvutia. Uliza pia ni ujuzi gani alijifunza mwenyewe nje ya darasa, mkataba wake ni wa muda gani, na nani mwingine uzungumze naye. Dakika 20 zikiisha, aga, hata kama mazungumzo yamenoga. Akikuongezea muda mwenyewe, haya.

Hatua ya 8: Onja kazi yenyewe

Kabla ya kubadili kozi au kuomba mafunzo kwa vitendo, tenga Jumamosi moja. Kama ni jenomu, kanzidata ya GenBank, inayohifadhi mifuatano ya vinasaba, iko wazi kwa yeyote; pakua mfuatano mmoja. Kama ni takwimu, lugha za kompyuta za R na Python hazilipiwi. Fanya mpaka ukwame, kisha endelea saa moja baada ya kukwama. Saa hiyo ndiyo ninayowauliza wanafunzi wanaponirudia. Mmoja aliniambia alifunga kompyuta kwa hasira, akaifungua tena usiku bila kutumwa na mtu. Nilimwambia amwandikie yule msaidizi wa utafiti tena, safari hii aombe nafasi.