Umeme Umerudi, Printa Inasema Offline

Mtwara umeme ukikatika kisha ukarudi, ofisi nyingi hukutana na jambo lilelile: printa inawaka vizuri, lakini kompyuta zote zinaonyesha Offline, yaani haipatikani. Usikimbilie kufuta draiva (programu ya printa kwenye kompyuta). Mara nyingi printa ni nzima, ila imepewa anwani nyingine.

Rauta ndiyo inayogawa anwani za IP, namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Jana printa ilikuwa 192.168.1.20, leo imeamka na 192.168.1.34, na kompyuta bado zinapeleka kazi kulekule kwa zamani. Chapa ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye menyu ya printa yenyewe, usome anwani. Kwenye kompyuta fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ping 192.168.1.34. Ikijibu, njia iko wazi. Ukikuta anwani inaanza na 169.254, printa haijapata kitu kutoka kwa rauta, kwa hiyo anza na waya wa mtandao. Tazama kile kiulimi cha plastiki kwenye kichwa chake: kikivunjika, waya unaonekana umeingia kumbe umerudi nyuma milimita mbili. Badilisha waya, jaribu na tundu lingine la swichi ya mtandao (kisanduku kinachounganisha waya za vifaa).

Dawa ya kudumu ni kuifungia printa anwani moja. Ingia kwenye rauta, tafuta sehemu ya DHCP (ugawaji wa anwani), uoanishe anwani ya MAC ya printa (namba ya kifaa chenyewe) na IP unayoitaka. Ukiiandika kwa mkono kwenye printa, chagua namba iliyo nje ya zile ambazo rauta inagawa, la sivyo ipo siku simu ya mtu itapewa namba hiyohiyo na vyote viwili vitagongana.

Halafu nenda kwa kila kompyuta: Printer Properties, Ports, Add Port, Standard TCP/IP Port, weka anwani. Usitumie port ya WSD, ile ambayo Windows huiunda yenyewe; hupotea ovyo. Kama ping inajibu na bado inasoma Offline, bonyeza Configure Port uondoe tiki kwenye SNMP Status Enabled (ukaguzi wa hali ya printa).

Kazi ikiganda kwenye foleni na haifutiki, fungua cmd kama Administrator. Andika net stop spooler, futa mafaili yaliyo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (folda yenyewe ibaki), kisha net start spooler. Kazi zote zilizokuwa zikisubiri kwenye kompyuta hiyo zitapotea, basi waambie wenzako kwanza.

Wapo wanaochapa kupitia kompyuta ya mwenzao. Hiyo ikilala, wote mmekwama. Kosa la 0x0000011b, linalotokea ukiunganisha printa ya namna hiyo, lilianza baada ya masasisho ya usalama ya Septemba 2021. Sasisha Windows pande zote mbili, usizime ulinzi. Afadhali printa iunganishwe moja kwa moja kwenye swichi, hasa kabla msimu wa korosho haujaanza na wakulima hawajapanga foleni wakisubiri risiti.

Kwa Wi-Fi, printa nyingi husoma masafa ya 2.4 GHz tu, si 5 GHz.

Ukimaliza, andika IP kwenye kipande cha tepu, ukibandike mbele ya printa.